Neno lililojaza kituo cha treni cha Likasi



Katika makanisa yetu ya hapa Likasi tunafundishwa sana juu ya nguvu ya neno linalotoka kinywani. Tunaambiwa tutamke baraka: tutamke nyumba, tutamke kazi, tutamke safari, tutamke mtoto. Hatutaki kubishana na mtu aliyeomba kwa imani akapata. Lakini tukifungua Maandiko na kutafuta mahali yanapofundisha juu ya ulimi, tunaona kwamba mara nyingi hayasemi juu ya vitu tunavyojitamkia sisi wenyewe. Yanasema juu ya namna tunavyomwita jirani. Yakobo, katika sura ya 3, anashangaa kwamba kinywa kimoja kinamsifu Mungu na kumlaani mtu aliyeumbwa kwa mfano wa Mungu. Yesu naye, katika Mathayo 5:22, anaweka tusi analotupiwa ndugu karibu kabisa na hatia ya kuua.

Kuna watu wanaosoma hayo na kudhani Bwana ameongeza chumvi. Tusi linawezaje kusimama karibu na kuua? Sisi watu wa Likasi hatuna sababu ya kuuliza hivyo. Jibu liko hapa mjini mwetu, kwenye kituo cha treni.

Walivyoitwa, ndivyo walivyotendewa

Wengi wetu ambao leo tunalea watoto tulikuwa wadogo sana wakati ule, wengine hatujazaliwa. Wazazi walioona hawapendi kusimulia. Kwa hiyo tuseme kwa ufupi mambo yanayojulikana.

Mwezi wa Novemba 1991, Gabriel Kyungu wa Kumwanza aliwekwa kuwa liwali wa jimbo letu, ambalo wakati ule liliitwa Shaba. Mwezi huohuo Nguz Karl-i-Bond akawa waziri mkuu kule Kinshasa. Wote wawili walikuwa wakubwa wa chama UFERI, na chama hicho kilikuwa na vijana wake walioitwa JUFERI. Katika mikutano ya watu wengi, Wakasai waliokaa jimboni wakaanza kuitwa bilulu. Hakuna haja ya kumfasiria mtu wa Katanga neno hilo. Bilulu ni wadudu. Na mdudu anafanyiwa nini? Kila mama anajua: anapulizwa dawa, anakanyagwa, anafagiliwa nje. Anayemwita jirani mdudu amekwisha kueleza kazi itakayofuata, hata kama hajataja jiwe wala kiberiti.

Agosti 1992, Konferansi ya Kitaifa ilimchagua Étienne Tshisekedi, mtu wa Kasai, kuwa waziri mkuu mahali pa Nguz. Huku kwetu vurugu ikawaka. Hapa Likasi, Wakasai walifukuzwa katika nyumba zao; nyumba ziliporwa, nyingine zikachomwa. Maelfu kwa maelfu walikimbilia kituo cha treni na shule za karibu. Walilala pale, na watoto na sufuria zao, wakingoja treni ya kwenda Kasai, siku baada ya siku, mwezi baada ya mwezi. Mwaka wa 1993 ikawa zamu ya Kolwezi. Watoto na wazee walikufa kwa magonjwa na kwa njaa, wengine wakingoja treni, wengine njiani. Waliotolewa katika jimbo lote wanahesabiwa kwa mamia ya maelfu.

Tena, wengi wao hawakuwa wageni. Babu zao waliitwa na Union Minière na kampuni ya reli ya BCK kuja kufanya kazi. Reli inayounganisha Katanga na Kasai mpaka Ilebo ilimalizika mwaka wa 1928, na watu walishuka kwayo pamoja na jamaa zao. Watoto na wajukuu walizaliwa huku, wakabatizwa huku, wakacheza na watoto wetu kwa Kiswahili hiki hiki chetu. Wako waliokuwa hawajaiona Kasai hata siku moja. Reli iliyowaleta babu ndiyo iliyowabeba wajukuu.

Njaa ilikuwa ya kweli, jina ndilo lilikuwa la uongo

Tusije tukasema kwamba watu wa Katanga waliamka tu asubuhi moja na chuki. Kulikuwa na maumivu ya kweli. Gécamines, iliyokuwa baba na mama wa miji yetu, ilikuwa inaanguka. Katika miaka ya 1980 ilitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka. Septemba 1990 mgodi wa Kamoto kule Kolwezi uliporomoka. Mwaka wa 1993 shaba yote ya mwaka mzima haikufika tani 50,000. Mama aliyezoea kupokea unga kila mwezi alibaki na sufuria tupu. Kijana aliyemaliza masomo hakuona kazi.

Mtu mwenye njaa anauliza: ni nani aliyefanya hivi? Jibu la kweli lilikuwa refu. Lilihusu mashine zilizochakaa, mgodi ulioanguka, feza zilizoliwa na wakubwa kwa miaka mingi, na bei ya shaba ambayo haipangwi Likasi. Jibu refu linachosha. Jibu fupi lilikuwa limesimama kwenye lupango la pili, linapika sombe: ni huyu jirani, amechukua kazi yako.

Hiyo ndiyo kazi ambayo neno baya linafanya. Halileti njaa, lakini linachukua njaa iliyopo na kuipa sura ya mtu. Na baada ya treni kuondoka, je, tani za shaba zilirudi? Hazikurudi. Gécamines iliendelea kuanguka. Shule zikawa na uhaba wa waalimu, na viwanda uhaba wa mafundi, maana wengi wao walikuwa wamepanda treni ile. Ndoa za Mkatanga na Mkasai zilipasuka, na mtoto wa ndoa hiyo hakujua asimame upande gani. Donatien Dibwe dia Mwembu, mwanahistoria wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, amekusanya kwa miaka mingi masimulizi ya watu wa miji yetu juu ya mambo haya. Wanaosema tusahau wanapaswa kujua kwamba waliofukuzwa hawajasahau.

Mdomo mkubwa hauwezi kazi bila midomo midogo

Hapa ndipo tunapotaka wamama watusikilize vizuri.

Ni rahisi kumtupia mzigo wote mkubwa aliyesimama jukwaani. Anao mzigo wake, na Mungu ndiye atakayemuuliza. Lakini liwali hajui ni lupango gani katika avenyu yako kuna Mkasai. Jirani ndiye anayejua. Hotuba inachukua saa moja au mbili, kisha watu wanarudi nyumbani. Neno la jukwaani likiishia jukwaani, linakufa jioni ile. Ili liishi lazima libebwe: lifike kwenye robine ambako wamama wanapanga bidoni, lifike sokoni kwenye meza ya samaki, liimbwe na watoto wanapocheza, lisemwe kwa kicheko kwenye matanga.

Sisi wamama tunajua moto unavyohama. Asubuhi unakwenda kwa jirani, unaomba kala moja jekundu, unaliweka katika mbabula yako na kupepea. Kala moja linatosha kuwasha mbabula kumi, na mbabula ya kwanza haipungukiwi na kitu. Yakobo anapoulinganisha ulimi na moto mdogo unaowasha msitu mkubwa, hatuhitaji kuona msitu ili kumwelewa. Neno bilulu lilihama hivyo, kala kwa kala, kwa mikono ya watu waliokuwa hawajawahi kumpiga mtu.

Wako waliokataa. Wako majirani walioficha watu ndani, waliotunza vitu vya jirani, waliopeleka chakula kituoni. Hao nao walikuwa Wakatanga, na njaa yao ilikuwa ile ile. Walisikia hotuba zile zile. Hawakulibeba neno hilo.

Wala si Katanga peke yake. Julai 1993, kule Rwanda, redio RTLM ilianza kutangaza. Watutsi waliitwa inyenzi, maana yake mende. Tena ni mdudu! Tangu Aprili 1994, katika siku karibu 100, mamia ya maelfu ya watu waliuawa, na wengi waliuawa na watu waliowajua. Tarehe 3 Desemba 2003 mahakama ya kimataifa iliyokaa Arusha iliwahukumu watu watatu, wawili wakubwa wa redio hiyo na mmoja mwenye gazeti la Kangura, katika kesi iliyojengwa juu ya maneno yaliyotangazwa na kuandikwa. Kule Kenya, wakati wa uchaguzi wa mwaka wa 2007, watu wa kabila lingine waliitwa madoadoa, uchafu wa kuondolewa kwenye nguo. Zaidi ya watu 1,100 walikufa katika vurugu iliyofuata. Wadudu, mende, madoa: popote mtu anapoitwa kitu cha kusafishwa, anatokea mtu mwenye kushika ufagio.

Abigaili alipokutana na watu 400

Katika 1 Samweli sura ya 25 kuna mama ambaye tunapaswa kumjua vizuri zaidi kuliko tunavyomjua. Mume wake, Nabali, alikuwa tajiri wa kondoo 3,000. Daudi na watu wake walikuwa wamelinda wachungaji wake. Daudi akatuma vijana kumi na salamu nzuri, wakaomba chakula. Nabali angeweza kutoa kidogo, au kukataa kwa adabu. Badala yake alimtukana Daudi kwa asili yake: akamfanya kuwa mtu asiyejulikana alikotoka, sawa na watumwa wanaokimbia mabwana wao. Maneno hayo machache yaliwafanya watu 400 wafunge panga.

Tuangalie alichofanya Abigaili. Kwanza, alimsikiliza mtumishi. Habari ililetwa na mtu mdogo, naye hakuidharau. Pili, hakukawia, alipakia mikate 200, divai, kondoo waliotengenezwa, zabibu na tini, akapanda punda. Mkate ulitangulia, maneno yakafuata. Tatu, alipofika mbele ya Daudi hakumwita mnyang'anyi, ingawa alikuwa anakuja kuua. Alizungumza naye kama mtu mwenye kesho mbele ya Mungu, ambaye hafai kubeba damu moyoni mwake. Daudi aliposikia, alirudisha panga na kumshukuru Mungu kwa ajili ya mama huyo.

Siku ile, katika nyumba moja, kinywa cha mume kiliita panga, na kinywa cha mke kikalirudisha. Abigaili hakuwa na cheo wala jeshi. Tusiseme basi kwamba sisi wamama hatuna la kufanya wakati wakubwa wanapotukanana.

Darasani tunasikia yanayosemwa nyumbani

Sisi waalimu tunakaa mahali ambapo maneno ya nyumbani yanajulikana. Mtoto wa miaka saba hana ukabila wake mwenyewe. Akimwambia mwenzake kwamba arudi kwao, wakati wote wawili wamezaliwa Kakontwe, tunajua kwamba neno hilo limetoka mezani, mahali walipokuwa wanakula bukari na watu wakubwa wakiongea juu ya kichwa chake. Mtoto haelewi maana, lakini anaelewa sauti. Anajua lile ni neno la kumshinda mtu, analileta shuleni alijaribu.

Ukimpiga mtoto huyo unamfundisha kulisema kwa siri. Afazali kumwuliza polepole: mwenzako anaitwa nani? Kisha alitaje jina lile mbele ya wote. Mara nyingi hilo linatosha. Yesu alifanya vile kule Yeriko, katika Luka 19. Watu walikuwa na jina lao kwa yule mtoza kodi, jina la zambi yake. Yesu alitazama juu ya mti akamwita Zakayo, jina lake mwenyewe, na kabla ya kutoka nyumbani mwake alimhesabu kuwa mtu wa ukoo wa Abrahamu. Yakobo naye anaanza sura yake ya 3 kwa kuonya kwamba wenye kufundisha watahukumiwa kwa ukali zaidi. Onyo hilo linamhusu mwalimu, na linamhusu mama, maana mwalimu wa kwanza wa mtoto ni yeye.

Maji juu ya chokaa

Kuna wasomaji watakaouliza kwa nini tunafukua mambo ya zamani. Sisi wa Kakontwe tunaishi juu ya jiwe la chokaa. Tunajua kwamba jiwe likiisha kuchomwa katika tanuru linapoa, unaweza kulishika mkononi, unaweza kuliweka miezi katika mufuko mkavu. Siku ukilimwagia maji linachemka na kuunguza. Neno bilulu limepoa, lakini halijafa. Liko katika vinywa vyetu, na maji hayako mbali.

Kazi ni chache. Watu wanaendelea kufika kutoka Kasai kwa treni na kwa magari, wakitafuta maisha kama vile babu zao. Kila uchaguzi unapokaribia, wanasiasa wanatafuta jibu fupi la kumpa mwenye njaa. Zamani neno lilihitaji jukwaa na miguu ya watu. Leo sauti iliyorekodiwa inapita katika simu, na kabla mchele haujaiva imefika Lubumbashi na Kolwezi. Inchi yetu ina sheria inayokataza ukabila na ubaguzi wa rangi tangu tarehe 7 Juni 1966, na ni vema tuijue. Lakini sheria inafika wakati neno limekwisha kufanya kazi yake. Anayeweza kulizuia mapema ni yule aliye karibu na mdomo.

Kwa hiyo, wamama, tunaomba mambo manne, ambayo kila mmoja anaweza kuanza leo.

Kwanza, tuwaite jirani zetu kwa majina yao. Kama mama wa lupango la pili anaitwa nyumbani kwetu kwa jina la kabila lake tu, watoto wajifunze kumwita Mama Fulani, kwa jina la mtoto wake, kama tunavyowaita wengine wote.

Pili, sauti au maandishi yanayotukana kabila yakifika katika simu yako, yaishie hapo. Usiitume kwa mwingine, hata kwa kusema "sikilizeni wanavyotutukana." Anayebeba kala kwa hasira na anayelibeba kwa kicheko, wote wawili wanawasha mbabula.

Tatu, kwenye robine, sokoni na kwenye matanga, neno la kudharau kabila likisemwa, mmoja aseme kwa upole kwamba kwetu hatuwaiti watu hivyo. Si lazima kugombana. Mara nyingi wengine walikuwa wanangoja tu mmoja aanze. Waefeso 4:29 inatuomba maneno yenye kujenga wanaosikia, na kumbukeni kwamba aliye na miaka mitano naye anasikia.

Nne, tuwaulize wazee wetu, kwa heshima na kwa wakati wao, walichokiona pale kituoni. Watoto wetu wakijua habari hiyo kutoka kwa bibi yao, hawatamwamini kwa urahisi mtu wa jukwaani.

Katika mkutano wetu wa juma lijalo tutasoma pamoja 1 Samweli 25, sura nzima. Kila mama aje na neno moja ambalo anataka litoke katika lupango lake, na jina moja la jirani ambaye tutamwombea. Anayetaka kuja na jirani huyo mwenyewe, amlete. Viti vitakuwepo.